Mkoromo Nyuma ya Jiko

Trelawny, Jamaika

Kaka yangu Lloyston,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Tavia, ambaye sasa ana nguvu za kukimbiza mbuzi wa jirani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kifua chako kimeizoea baridi ya Birmingham. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umepasuka.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya kumzika Papa. Umeandika kwamba Agosti utawaleta watoto wamsikie chura wa babu yao. Usiwaahidi, kaka.

Unaukumbuka ule mti wa mahoe nyuma ya jiko, wenye tundu linalotuamisha maji ya mvua. Marehemu Mama alilalamika kwamba ameolewa na mkoromaji mmoja, akaongezewa wa pili mtini, yule chura akoromaye mvua ikinyesha. Tangu tufyeke msitu kwa ajili ya viazi vikuu, chura wa namna hiyo hakusikika tena bonde zima. Wale wa chuo kikuu walizunguka vilima miezi miwili na vinasa sauti vyao, wakamsikia huyo mmoja tu. Papa akawaambia wangeanza kwake wangeokoa viatu.

Kisha kiharusi kikamlaza. Kila mvua ikinyesha alitaka nimfungulie dirisha, na kila mara palikuwa kimya. Nilimwambia chura amepumzika. Akaniuliza, “Chura gani huyo anakwenda likizo mvua ikinyesha?”

Kaka, ni mimi niliyemuua chura huyo. Oktoba Tavia alishikwa na homa ya dengi, damu ikimtoka puani, na bwana afya akapita akituhimiza tumwage maji yote yaliyotuama, mbu wasizaliane. Nilimwaga mapipa, makopo, hata maji ya maua kaburini kwa Mama. Tundu la mti halimwagiki. Nikaomba oili chafu kwa fundi wa magari, nikaimimina mle. Nilijua nani anaishi mle, nikamimina vivyo hivyo. Kesho yake nilimkuta akielea pamoja na viluwiluwi wake, nikawafukia chini ya mpapai. Tavia alipona. Ningerudishwa siku ile, sijui ningefanya nini, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Jumamosi ya mwisho ya Papa mvua ilinyesha mchana, akaomba tena dirisha. Nikatoka, nikajibana kwenye shina la mahoe, nikakoroma kama tulivyokuwa tukikoroma mimi na wewe kumchokoza Mama. Nilikoroma mpaka koo likaniuma. Niliporudi ndani nimelowa chapachapa, Papa alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki na nguvu. Akasema polepole, “Verlene, mpe huyo chura taulo, atapata mafua.”

Jumatatu akafariki.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Mvua ikikatika mimi huenda kuengua oili tunduni kwa kijiko cha Mama, na bado inaelea. Wakija, waje wanisaidie.

Ni mimi dada yako,
Verlene