Namba ya Simu ya Mkwe

Usoke,
Tabora.
19 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Apolinaria,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje huko Masasi, na kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi tupo. Tumbaku tumemaliza kuchuma, sasa tunakausha.

Barua hii nimempa Mwalimu Anselm anayehamia huko. Nikikupigia simu mama huwa hapo hapo, na ugonjwa wake hataki usemwe.

Mama alianza kutoka damu mwezi wa pili. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, aliyekoma hedhi zamani! Alinificha mpaka nilipoona anaanika kanga zake ndani ya nyumba. Zahanati wakatupa rufaa kwenda hospitali ya mjini. Kule daktari wa magonjwa ya kina mama huonana na wagonjwa Jumanne tu na foleni yake ni ndefu, tukapangiwa tarehe 11 Juni. Wanasema subira yavuta heri. Kwetu ilikuwa inavuta damu.

Karani alitaka namba ya simu. Ya mama haina chaji siku zote, na yangu haishiki mtandao mpaka nipande kichuguu, kwa hiyo nikatoa ya shemeji yako Shigela. Kosa hilo ni langu.

Mwezi wa nne nilikwenda Ntalikwa kwenye msiba wa shangazi Mwanne, na kwa haraka nikasahau simu nyumbani. Alhamisi hospitali wakampigia Shigela: Jumanne ijayo kuna nafasi, mgonjwa aje. Sasa unamjua shemeji yako na mama yetu. Miaka kumi na minane wanasalimiana mmoja akitazama ukuta, hata chumvi hawapeani mkono kwa mkono. Angeanzaje kumtajia mkwe wake mambo ya kizazi? Na kumtuma mwanamke wa jirani aliona ni kumvua mama nguo mbele za watu. Akanyamaza. Jumanne ikapita.

Niliporudi Jumatano, akaniambia huku akitazama miguu yake, "Mama Ezekia, kuna watu wa mjini walimtafuta mama."

"Watu gani?"

"Wale wa hospitali."

Nilimfokea mpaka kuku wakakimbia uani. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea aibu. Kesho yake Shigela akapanda basi, akakaa kwenye benchi la kina mama siku mbili, mwanaume peke yake, hadi wakampa tarehe 14 Mei. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Aliporudi alisimama nje ya nyumba ya mama, mgongo ameupa mlango, akasema mwenyewe, "Shikamoo mama. Ni Jumanne, tarehe kumi na nne. Nitawapeleka."

Mama akaitikia, "Marahaba." Kisha akaongeza, "Ahsante, baba."

Basi tumekwenda. Daktari amekuta uvimbe kwenye kizazi, amekata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu ni baada ya wiki tatu. Sikufichi mdogo wangu, naogopa sana. Mama mwenyewe anapepeta mahindi kama kawaida. Usimwambie kwamba unajua, ila ukipata ruhusa kazini, njoo mwezi wa sita.

Ezekia na Julieth wanakusalimu. Mjomba Tobias anauliza lini utamletea korosho, nami nimemjibu meno ya kuzitafuna yako wapi. Nisalimie shemeji.

Nusura nisahau. Tulipokuwa tunatoka, karani aliuliza majibu yakifika apige namba ipi. Nikafungua mdomo nitaje yangu, kichuguu nitapanda kila siku. Mama akanikatiza. "Iache ile ile ya mkwe," akasema. Tangu siku hiyo Shigela anaingia na simu hadi kwenye bani la kukaushia tumbaku, ameifunga kwenye kitambaa shingoni.

Mungu akulinde, na atupe sote moyo wa kuyapokea majibu hayo.

Dada yako akupendaye siku zote,
Dafrosa