Jicho Limekauka

Mjambere, Kisauni

Mwanangu Munir,

Assalamu alaikum. Natumai huko Doha joto limepungua. Sisi twashukuru. Paka wako amezaa tena, safari hii juu ya gunia la mkaa.

Zile sindano za jicho ninazodungwa kwa ajili ya sukari zimenifaa. Kila mwezi nilikuwa nikienda na Kanze, yule mama wa Kigiriama tuliyejuana kwenye benchi la hospitali. Yeye hudungwa jicho la kushoto, mimi la kulia. Tukitoka na bandeji zetu twashikana mikono, kila mmoja akimwangalilia mwenziwe upande asioona, mpaka kwake Frere Town. Hapo twala mahamri na kucheka mpaka alasiri.

Mwezi uliopita daktari alisema kila jicho lina muda wake. La Kanze bado lina maji kwa ndani, arudi kila mwezi. Mimi nirudi baada ya miezi mitatu. Nikamwambia sioni vizuri. Akanisomesha herufi za ukutani, nikazikosea makusudi, wallahi. Akatazama picha ya mashine, akacheka.

“Mama, jicho lako ni kavu kabisa. Furahi!”

Leo Kanze amepelekwa na bintiye. Mimi niko nyumbani. Ukipiga simu, usinipe hongera. Naona vizuri sana, mwanangu. Naona hata vumbi juu ya viatu ulivyoviacha nyuma ya mlango.

Mamako,
Nadira