Ng'ombe Chini ya Eriali

Dada Mariamu,

Shikamoo kutoka Garsen, ambako joto halipungui na kila mlo ni samaki.

Redio ninayoiunda inafanya kazi mbili: inapeleka maneno, na mawimbi yake yakigonga maji ya mafuriko chini ya eriali ya upande wa pili, mshale wa mita unanionyesha kama maji yanapanda. Jana nikiongea kwa redio hiyo na Sista Habone, muuguzi wa zahanati ya Chara, mshale ukayumba vibaya. Nikamwambia awapandishe wagonjwa kwenye tuta.

"Huku kukavu, dada! Wewe mganga, unaona maji yangu ukiwa Garsen?"

"Wapandishe tu, sista."

Akawapandisha wote, hata mama aliyejifungua asubuhi ile. Maji hayakuja. Baadaye akanipigia huku anacheka: ng'ombe wa wafugaji Waorma walikuwa wamejazana chini ya eriali ya zahanati, na ndio niliowapima nikidhani ni maji.

Nikangoja maneno makali. Akasema, "Ukituambia tena, tutapanda."

Afadhali angenitukana.

Nibusie watoto, nawe uniombee nijue ng'ombe ni ng'ombe na maji ni maji kabla sijawaambia tena.

Mdogo wako,
Rehema