Kipande cha Neva Kifundoni

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, uwanja umejaa maji, nami nimekaa barazani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Mguu wa kushoto hauinuki. Nikitembea unaburuza vidole, kandambili inabaki nyuma. Usiku unawaka moto. Shuka likiugusa tu, nauma meno. Mpaka tope likauke, dunia yangu ni kiti hiki na njia ya chooni.

Lakini si mvua iliyonifunga.

Daktari wa Mbeya anataka kukata kipande kidogo cha neva hapa kifundoni, pamoja na kinyama kilicho karibu, kikatazamwe kwa hadubini. Neva ni kama uzi unaopeleka habari kati ya mwili na ubongo, nayo hulishwa na vishipa vya damu vyembamba mno. Anashuku kinga ya mwili wangu imegeuka kuvishambulia vishipa hivyo. Kuta zake zinavimba, damu haipiti, neva inakufa njaa, kama jaruba la mpunga lililozibiwa mfereji. Vipimo vya damu vinadokeza tu. Na dawa yake ni kali, inaishusha kinga yote. Hataki kunipa kwa kubahatisha.

Hasara ya kukatwa ni kwamba ukingo wa nje wa mguu utabaki na ganzi, pengine daima. Tena huenda wasione kitu, maana ugonjwa huu hushika hapa ukaruka pale.

Nisipokatwa, sitibiwi. Nikikatwa, napoteza, na huenda nisijue.

Kila anayekuja kunipa pole namwambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, kisha nampa somo hilo lote. Ualimu haustaafu. Leo ilikuwa zamu ya jirani yangu Ambakisye, aliyefika amejifunika jani la mgomba.

"Mwalimu, wakukate kama mbuzi wa sikukuu, halafu wakwambie hawajaona kitu?"

Tukacheka. Nikainama nimchoree neva kwa chaki sakafuni.

Chaki ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kinaning'inia, hakiinuki, vilevile mguu ulivyoanza.

Ambakisye akaacha kucheka.

Mke wangu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini. "Baba Lugano, umeeleza wiki nzima. Mimi nimeelewa, Ambakisye ameelewa, hata kuku wameelewa. Bado nani?"

Darasani niliwajua vizuri wanafunzi waliouliza maswali mengi ili mtihani uahirishwe.

Naandika haya kwenye simu kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Nimempigia daktari. Nimekubali.

Naogopa. Ila ganzi ya ukingo mmoja wa mguu naijua mipaka yake. Hiki kinachotambaa mwilini sijui kitaishia wapi.

Kesho Ambakisye atanibeba mgongoni hadi barabara ya lami. Ametoa sharti moja: njiani nisimweleze kitu.