Karafuu ya Zege

Tanga,
9 Machi, 1961

Kwa dada yangu mpenzi Mwatum binti Silima,

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na jirani yetu Bi Kazija. Mimi sijambo, ila mgongo wanisumbua, ndiyo kazi ya uashi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia umehamishia vitumbua vyako chini ya ile sanamu ya karafuu katikati ya mji wa Wete, kwa kuwa ina kivuli kizuri. Tena imeanza kutoka michirizi myekundu, na watu wanasema ni rangi aliyoipaka Mzungu mmoja inachuja. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kulikoni.

Dada, wewe ulisamehe. Mimi sikusamehe. Siku baba alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu wa Bwana Mbaruk, nilimwangukia bwana huyo miguuni atupe gari lake tumpeleke hospitali. Akanijibu kwamba gari limepakia karafuu, na karafuu hazichanganywi na damu. Baba akakata roho njiani, tumembeba kitandani. Mazikoni bwana hakuja.

Miaka miwili baadaye akajijengea karafuu ya zege, kichwa kikubwa kimelala upande juu ya baraza, na jina lake chini, ati akumbukwe. Akanichukua mimi niwe fundi wake wa kukoroga zege. Hata sura yangu alikuwa ameisahau! Nilimchukia siku ile kuliko siku ya msiba.

Sasa nikwambie nililoficha. Mchanga niliotia ni wa pwani, na chumvi yake, sikuuosha hata ndoo moja. Chumvi inakula nondo ndani kwa ndani. Hiyo michirizi ni kutu, na kile kichwa kitashuka. Lini, sijui.

Kwa hiyo hama, Mwatum, leo hii. Watoe na wauzaji wenzako kwa hila yoyote, na watoto wasicheze pale. Lakini umeniandikia kwamba Bwana Mbaruk hukaa barazani hapo kila alasiri apewe salamu. Yeye usimwambie neno.

Barua hii ukishaisoma itie motoni. Nibusie watoto, na Bi Kazija mpe salamu zangu nyingi. Bwana Mbaruk naye mwamkie kwa adabu, na akija kukaa, mpangusie baraza.

Wako nduguyo,
Shaame Silima