Baiskeli Hairudi Walikale

Nyabiondo, 14 Julai 2019

Kaka Jado mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Walikale, mguu wako umepona. Sisi tuko salama. Maharagwe yamevunwa, ng'ombe wanatoa maziwa vizuri, na Mama amenenepa kidogo ingawa hapendi tuseme.

Uliagiza kwamba dada yetu Natacha asipoingia katika watatu wa kwanza kwenye mashindano ya Masisi, baiskeli yako ya mbio irudi kwako. Alilia siku ile. Ukaongeza kwamba mashindano yanashindwa na mwenye kuzoea safari ndefu. Lakini kaka, safari ndefu tungezifanyia wapi? Mwaka huu barabara haimruhusu mtu kwenda mbali. Tulikuwa na kilima kimoja tu, kile cha kutoka mtoni hadi kanisani.

Basi nikapanga mazoezi mafupi na makali: apande kwa nguvu zote, apumzike, apande tena, mara sita, kisha nyumbani. Simu yangu inazimika ovyo, kwa hiyo Mama njo akawa saa yetu. Alikaa juu na rozari yake. Nilimweleza hivi: akipunga kitenge, Natacha aanze; yeye Mama asali Baba Yetu mbili, halafu aite "Amina!" ili Natacha aache. Wakati wa kushuka na kupumzika, asali Salamu Maria kumi, ndipo apunge tena. Mimi nilibaki chini, nikiandika katika kitabu changu cha kila siku. Wabeba maziwa waliopita waliuliza kama tumeanzisha dini mpya.

Mashindano yalikuwa Jumapili iliyopita. Umwali, yule bingwa wa Kitshanga, alimuuliza Natacha kama amekuja kushindana ao kuuza maziwa. Natacha akamjibu kwamba maziwa yatauzwa kule juu, kwa watakaofika. Kwenye kilima cha mwisho Umwali alikuwa mbali mbele. Natacha akainuka kwenye kiti, akapanda kama mtu anayefukuzwa na fahali. Akawa wa pili, kaka! Gurudumu moja tu nyuma ya Umwali! Nimepoteza sauti hadi leo.

Umwali mwenyewe alikuja kuuliza tunafanyaje mazoezi. Nikafungua kitabu, nikamweleza kwa kiburi habari za Baba Yetu mbili na Salamu Maria kumi. Mama, aliyekuwa kando yangu, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Akasema hajasali Baba Yetu mbili hata siku moja. Akimwona mtoto anahema, alisali moja tu, tena akimeza maneno, akarukia Amina. Na kwenye pumziko, baada ya Salamu Maria kumi, aliongeza watakatifu wote anaowajua, marehemu wa ukoo, na ng'ombe wagonjwa.

Nimefikiri sana, na naona huruma yake ilipanga vizuri kuliko mimi: kwa kuwa miguu ilipumzika, Natacha alipanda kila mara kwa nguvu zote kweli, si kwa zilizobaki.

Kwa hiyo baiskeli hairudi. Uje wewe. Natacha anakusalimu akiwa amekaa juu yake, hataki kushuka hata kula. Mama naye anakusalimu, na yuko tayari kukupangia mazoezi hapo kilimani. Ila amesema nikuambie mapema: kwako wewe, Baba Yetu zitakuwa mbili kamili, pole pole, neno kwa neno.

Mdogo wako akupendaye,
Bisengimana