Karatasi ya Mchina Nimeinywa

Munje, Msambweni
9 Septemba 1956

Kwako Bi Mshauri wa gazeti letu,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mume na binti mmoja, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa kuwa sina wa kumwagiza aniandikie jambo kama hili.

Mama yangu alifariki mwaka juzi kwa saratani ya titi, alituficha hata sisi wanawe, akawa anajifunga kanga mbili kifuani na kusema ana baridi, na mimi nilikuja kuliona titi lile siku ya kumwosha, ndoo iko mkononi, na tangu hapo usingizi umenihama kwani watu husema ugonjwa huu hufuata damu. Mume wangu Chirau akanihurumia. Kazi yake ni kukausha majongoo ya baharini na kumpelekea Mchina mmoja Mombasa anayeyasafirisha kwao yakaliwe, basi akamweleza habari ya mama na hofu yangu, na yule Mchina akampa kifurushi cha mizizi na magome na vitu kama maganda ya chungwa, akasema kwao watu huvichemsha wakanywa ili saratani isiwaingie. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karatasi nyembamba yenye maandishi mekundu ya Kichina.

Hapa ndipo naona haya. Mimi nilidhani karatasi ile ndiyo kombe lao, maana kwetu kinga ya maana huandikwa aya, ikaoshwa kwa maji na kunywewa, na wino wenyewe ulikuwa mwekundu kama wa zafarani, basi nikaitia katika sahani nyeupe yenye maji na marashi, wino ukatoka wote, nikasoma Bismillahi nikanywa. Jioni Chirau akaniuliza, "Ile karatasi i wapi? Mchina kasema tuihifadhi, imeeleza kipimo na watu wasiofaa kuitumia dawa." Nikamjibu, "Imepeperushwa na upepo, mume wangu." Na Mchina naye amesafiri kwao, hajulikani atarudi lini.

Miezi miwili sasa nainywa dawa ile kwa kukisia, asubuhi na jioni, ni chungu ajabu, mara tumbo huniuma, mara moyo hunienda mbio, na sijui ni dawa ama ni hofu. Nizidishe, nipunguze au niache? Na je, nimpe binti yangu Mwanapili, aliye na miaka kumi na minne, naye akingike? Nilisahau kukwambia kwamba chini ya titi la kushoto nimekuta kitu kigumu kama kokwa ya tende, hakiumi, nadhani ndivyo dawa inavyofanya kazi, kwa hiyo hilo lisikushughulishe. Chirau sijamwambia, asije akaona dawa yake haikufaa.

Ni mimi,
Mwenye Wasiwasi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Tuanze na karatasi ili tuimalize. Kombe huandikwa maneno ya Mwenyezi Mungu, na mtu anayejua anachoandika. Wewe umekunywa maandishi usiyoyajua hata herufi moja, kumbe ni kipimo cha dawa. Nilicheka, niwie radhi, kisha nikaendelea kusoma na kicheko kikanikauka.

Umeandika kurasa mbili za karatasi na mizizi, na mstari mmoja wa kokwa ya tende, tena ukaniambia lisinishughulishe. Linanishughulisha kuliko yote, na ndilo lililokuandikisha barua hii, usinidanganye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huna haja ya kuelezwa, umeishuhudia kwa macho yako.

Dawa ya Kichina siitukani. Watu wale wamechemsha mizizi tangu kale kama sisi na mwarobaini wetu, na huenda ina faida zake. Lakini kwamba inazuia saratani, sijamwona aliyethibitisha, na Mchina wa Chirau ni mnunuzi wa majongoo, si tabibu. Hata ingekuwa kinga ya kweli, mlango hufungwa mwizi akiwa nje. Ukihisi yumo ndani, unaita watu.

Siku usomapo haya, acha kuinywa, na Mwanapili asiionje kabisa. Jioni hiyo hiyo mwambie Chirau la karatasi na la titi. Mwanamume aliyebeba hofu ya mkewe mpaka Mombasa hatakasirika kwa kipande cha karatasi, na akikasirika ni kwa saa moja. Kisha nendeni wote wawili hospitali ya Msambweni, mchukue na mabaki ya kifurushi wayaone. Ukiona haya, omba nesi wa kike akutazame kwanza. Si kila uvimbe ni saratani, na nakuombea hicho kiwe kitu kidogo. Kama sicho, basi utakuwa umewahi, jambo ambalo marehemu mama yako hakulipata.

Umeniuliza Mwanapili umkinge vipi. Wewe ulichojifunza kwa mama ni kujifunga kanga mbili. Binti yako mfundishe njia ya hospitali: nenda naye, akae kwenye benchi akungoje. Siku ya kuoshwa itakufika, kama itakavyonifika mimi, na atakayeshika ndoo ni yeye. Asikute jambo ambalo hukumwambia.